Ukurasa wa Mwisho Hausomwi Mchana

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Watu wakisikia hivyo wanadhani mimi ni mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza, kwa hiyo niseme mapema kwamba sivyo. Hasira zangu ni za uji: zinachemka upesi, zinamwagika, halafu zinapoa kabla hujatafuta kikombe. Watoto wangu wanalijua hilo. Nikianza kufoka wananitazama tu mpaka yapite, kisha mmoja ananyoosha kidole na kuomba kwenda chooni.

Shule yetu iko Mbozi, upande wa Igamba, katikati ya mashamba ya kahawa. Mimi si wa hapa. Nimezaliwa Mbebe, huko Ileje milimani, na lugha yangu ya kwanza ni Kindali. Mpaka leo nikikasirika sana Kiswahili kinanitoroka, namalizia kwa Kindali, na hawa watoto wa Kinyiha wanacheka kwa sababu hawajui kama nawatukana au nawabariki. Marehemu mume wangu ndiye aliyenileta huku. Akaniachia nyumba, migomba kidogo nyuma ya jiko, na mtoto mmoja wa kiume ambaye sasa ni dereva wa lori la masafa. Anapakia mzigo Dar es Salaam, anavuka mpaka Tunduma, anashuka Lusaka na wakati mwingine anapitiliza. Namsifia darasani mpaka watoto wanajua rangi ya lori lake. Akiwa njiani silali vizuri, ila hilo darasani silisemi.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni kile kinachofuata uji. Watoto wameshiba, midomo ina ukoko mweupe, na hesabu haziingii hata uwape kwa kijiko. Hapo nawatoa kwenye madawati, tunatandika jamvi chini, wanabanana kwa sababu baridi ya Mbozi mwezi wa saba si ya mchezo, nami nawasomea hadithi kwa sauti. Sisomi kwa kunong'ona. Fisi akinguruma na mimi nanguruma, na mwalimu wa darasa la tano, ambaye tumepakana ukuta, ameshalalamika mara nyingi mpaka amechoka.

Kusoma huko si starehe tu, ingawa starehe ninaipata. Wengi wa watoto hawa Kiswahili wanakikuta shuleni. Nyumbani ni Kinyiha tangu asubuhi mpaka kulala, na vitabu pekee vilivyopo ni Biblia na kitabu cha nyimbo, vimewekwa juu ya kabati ili visichafuliwe. Mtoto anazijua herufi, anaweza kuzitaja zote, lakini hajawahi kusikia sentensi ndefu inavyopanda na kushuka. Akisha kuisikia vya kutosha, siku moja anaiona imelala kwenye karatasi na anaitambua. Sina maelezo mengine. Nimeona ikitokea, basi.

Mwaka huo nilikuwa nimepata kitabu kipya. Kipya kwangu, maana kilikuwa mtumba. Nilikikuta Tunduma, karibu na mpakani, kwa kijana aliyekuwa amemwaga vitabu kwenye turubai kando ya ndoo za plastiki. Aliniona nimevaa chitenge cha Kizambia akanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mayo?" Nikamwambia shikamoo yako iko wapi, mimi ni mama yako wa Ileje. Akacheka, akanipunguzia bei. Kitabu hakikuwa na jalada, kwa hiyo sijui mpaka leo aliyekiandika ni nani. Ndani kulikuwa na hadithi za wanyama, na ya kwanza ilimhusu bikizee mmoja aliyegongewa mlango siku ya mvua na mgeni aliyejifunika blanketi kutoka utosini hadi miguuni. Mgeni alisema ametoka mbali na ana baridi. Sauti yake ilikuwa nzito. Mkia ulichungulia chini ya blanketi. Watoto wote wakaona ni fisi, isipokuwa bikizee mwenyewe.

Nilipofika kwenye mkia, jamvi zima lilikuwa limesogea mbele. Ndipo nikamwona binti mmoja, mtoto mdogo wa mwili, amevaa sweta la bluu lililokuwa la mama yake, mikono ya sweta imekunjwa na kukunjwa tena. Alikuwa ameziba masikio kwa vidole na anaimba chini chini, "mmmm, mmmm."

Nikamwambia, "Wee, toa mikono."

Akatoa. Nikasoma mstari mmoja, nikainua macho, mikono imerudi. Nikamhamishia mbele kabisa, magoti yake yakagusa ya kwangu. Sasa akafumba na macho. Uji wangu ukachemka. Nilifoka pale, nikasema hiki kitabu nimekibeba kutoka Tunduma kwa ajili ya nani, nikamalizia kwa Kindali, watoto wakacheka, na yeye akabaki vile vile, amebana macho na masikio, anaimba.

Walipotoka nikamzuia mlangoni. Nikamuuliza, "Masikio yanakuuma?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa?"

"Bibi amesema hadithi ikiisha jua linawaka, mtu aliyesafiri anapotea njia." Akanitazama kuona kama nimeelewa. "Na mama amesafiri."

Nilijua kwamba mama yake alivuka na mzigo wa mchele tangu mwanzo wa mwaka, akaenda Zambia, na watu walisema huenda alisikia bei ya Kongo ni nzuri zaidi akasogea huko. Binti alikuwa anaishi na bibi yake mzaa mama, nyumba ya chini karibu na mto. Nilijua pia jambo jingine, na ndilo lililoninyima raha: alikuwa hajui kusoma. Herufi alizijua, lakini hakuweza kuziunganisha, na mwisho wa mwaka darasa la pili wanapimwa kusoma mmoja mmoja. Anayeshindwa anarudia darasa. Wenzake wangekwenda la tatu, yeye angebaki na mimi na wadogo, na mtoto wa namna ile, mkimya, nikiwaza atabaki nyuma mara moja naona atabaki moja kwa moja.

Jumamosi nikafunga kanga kiunoni nikateremka kwa bibi yake. Ulikuwa msimu wa kahawa. Nilimkuta mbele ya kichanja, anachambua kahawa iliyoanikwa, anatupa mbovu chini bila kuangalia. Binti alikuwa anasugua sufuria kwa majivu pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunisaidia au umekuja kuongea?"

Nikasema nimekuja kuongea, ila mikono yangu haina kazi. Tukachambua pamoja. Nikaanza kwa upole, nikasema huyu mtoto anaziba masikio wakati wa kusoma, hajifunzi. Bibi akasema vizuri, ndivyo nilivyomwagiza. Nikasema bibi, hizi ni imani za zamani. Kwetu Mbebe tuliambiwa anayesikiliza hadithi mchana anaota pembe, nimejipapasa kichwa utoto mzima, mbona sikuota?

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

Nikafikiri. "Hapana. Nilikuwa nakimbia."

"Basi ndiyo sababu," akasema, akatupa kahawa mbovu.

Nikaona nimtafutie pa kumbana. Nikamwambia, "Mbona Biblia inasomwa kanisani asubuhi, jua linawaka, na wewe unakaa kiti cha mbele?"

"Hiyo Biblia ina fisi aliyevaa blanketi?"

"Haina."

"Halafu mchungaji anasoma kipande tu, anafunga, tunaimba, tunakwenda nyumbani. Umewahi kumwona amemaliza kitabu chote kabla ya chakula cha mchana?"

Nilicheka, nikiri, ingawa nilikuwa na hasira. Yeye hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu ndogo aliyoifunga kwenye upindo wa nguo, akaniwekea sikioni. Sauti ya yule dada wa mtandao ikasema namba unayopiga haipatikani. Akaifunga tena kwenye upindo. "Napiga kila siku," akasema. "Wewe, mwanangu, una wako barabarani. Utasema ni imani za zamani, lakini mimi ninaye mmoja, na yuko huko, na hiki ndicho kitu pekee ninachoweza kumfanyia nikiwa hapa."

Tulichambua kahawa mpaka upande mmoja wa kichanja ukaisha. Hasira zilikuwa zimepoa zenyewe, na kichwani mwangu lilibaki lile neno lake la mchungaji.

Nikasema, "Bibi, kwa hiyo ubaya hauko kwenye hadithi. Uko kwenye kuimaliza."

"Nimekuambia tangu mwanzo."

"Na mtoto anaziba masikio kwa sababu hajui itaisha lini."

Binti akainua kichwa kutoka kwenye sufuria. Akasema, "Ndiyo, mwalimu."

"Je, nikisoma na kuacha ukurasa wa mwisho? Nikafunga kitabu kabla haijaisha?"

Bibi akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayefanya biashara. "Na huo mwisho unakwenda wapi? Hadithi haiachwi wazi. Isipomalizwa usiku ni vibaya vile vile."

"Huyu hapa atakuja nacho kitabu. Atakusomea mwisho usiku, jikoni."

"Huyu hajui kusoma."

"Ndiyo maana nimekuja," nikasema.

Jumatatu nilisoma tena hadithi ya fisi tangu mwanzo, kwa kunguruma kote. Kabla ya kuanza nikamwonyesha binti ukurasa wa mwisho, nikabana hapo kibanio cha nguo, nikamwambia tukifika hapa ninafunga. Alikaa mbele, mikono mapajani, macho hayatoki kwenye kile kibanio. Fisi alikaribishwa, akapewa kigoda karibu na moto, akaanza kuuliza bikizee analala chumba gani. Nikafunga kitabu. Darasa zima lilinung'unika, "Aaa, mwalimu," na mwalimu wa darasa la tano akagonga ukuta. Binti akapumua. Nikampa kitabu, akakiweka tumboni ndani ya sweta, akaenda nacho nyumbani.

Asubuhi yake nilikutana na bibi njiani, amebeba karai. Hakungoja shikamoo. "Mwalimu, umetufanyia nini? Mtoto ameshindwa neno la kwanza. Tumelala na fisi ndani ya nyumba."

"Poleni, bibi."

"Sijafumba jicho. Yule bikizee ni mjinga, mlango haufunguliwi hivyo. Mfundishe mtoto upesi."

Ndani ya darasa binti alikuwa ameshafika, peke yake, kitabu kimefunguliwa ukurasa wa mwisho na viganja viwili vimefunika kila kitu isipokuwa neno moja. Akaniuliza, "Hili linasomwaje?" Nikamsomea, silabi kwa silabi. Akalirudia. Akahamisha viganja chini kabisa, akaniuliza neno jingine, halafu akarudi juu, kisha katikati. Nikamwambia mbona unaruka ruka, tuanze mwanzo twende mpaka mwisho.

"Mchana huu?" akaniuliza. Aliuliza kwa adabu, lakini nilijiona mimi ndiye mtoto.

Ndivyo tulivyofanya. Kila asubuhi kabla ya kengele tuliokota maneno ya ukurasa wa mwisho kwa kuruka, huku na huku, yasije yakakaa mstari. Usiku, jikoni kwa bibi, aliyapanga mwenyewe. Kwanza bibi aliniletea taarifa kwamba wamefikia mstari wa pili. Halafu siku moja nikamkuta amesimama kwenye uzio wa shule, kitenge kimefungwa vizuri, uso umetulia. Akasema, "Tumelala salama." Hakuongeza neno, akaendelea na safari yake. Kwa hiyo fisi alikuwa amepata alichostahili. Nawe msomaji sikuambii alipata nini, kwa kuwa sijui unasoma saa ngapi wala nani wako amesafiri.

Baada ya hapo kila mtoto alitaka mwisho. Walimzingira binti wakati wa mapumziko, wakambembeleza kwa karanga na vipande vya muwa, na yeye akakataa katakata kwa sababu ni mchana. Hasira zao zilinifaa sana. Nikasema anayetaka mwisho atachukua kitabu zamu kwa zamu, akausome mwenyewe nyumbani giza likiingia, na asiyeweza kusoma ajifunze kwanza. Nilikuwa nimewahi kuwabembeleza watoto wasome kwa pipi, kwa nyota za chaki nyekundu, kwa vitisho. Hakuna kilichofanya kazi kama kuwanyima ukurasa mmoja. Tulimaliza hadithi za kitabu kile zote namna hiyo, na katika kipindi changu hapakuwahi kusomwa mwisho hata mmoja.

Watoto wenyewe wakatunga na neno lao. Wenye mtu njiani wakaitwa "waliosafiriwa." Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani: baba aliyekwenda Tunduma kutafuta kazi za kupakua mizigo, dada aliyekwenda kulea mtoto wa watu Mbeya, na wa kwangu. Ndiyo, siku moja waliniweka na mimi humo. Nikawaambia mwalimu haingii kwenye mambo hayo, mwalimu amesoma chuo. Wakanitazama tu wakingoja yapite.

Mvua zilipoanza, akaja afisa elimu wa kata kupima darasa la pili. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye miwani, mzaliwa wa Ihanda, mtu wa haki lakini asiye na mzaha. Aliweka meza nje barazani, mtoto anaitwa, anapewa karatasi yenye hadithi fupi, anasoma kwa sauti, basi. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, nimeambiwa nisifungue mdomo. Hiyo ndiyo adhabu kubwa unayoweza kunipa.

Ikafika zamu ya binti. Alishika karatasi kwa mikono miwili, sweta limeteremka mpaka vidoleni, akaanza. Ilikuwa hadithi ya sungura na kisima. Jamani, alisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, na lafudhi yake ni ya Kinyiha kitupu, lakini sentensi zilipanda na kushuka palepale zinapotakiwa, na sungura alipoongea akabadilisha sauti kidogo, kama ninavyofanya mimi. Nilikaza meno nisicheke kwa furaha. Akafika sentensi ya mwisho, akanyamaza. Akaigeuza karatasi, akailaza mezani uso chini.

Afisa akangoja. "Endelea."

Binti akatikisa kichwa.

"Imebaki sentensi moja. Soma."

Machozi yalikuwa yameanza kukusanyika, lakini mkono wake ulibaki juu ya karatasi, umeikandamiza. Afisa akashika kalamu. Akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba amesoma vizuri, ila kuna maneno yamemshinda, na utaratibu unasema mtoto asome mpaka mwisho.

Nilisahau nilichoambiwa. Nikasimama nikasema hayajamshinda, mheshimiwa, huyu mtoto anasoma kuliko mimi, tatizo ni kwamba ni saa nne asubuhi. Nilijisikia ninavyosema na nikajua inavyosikika. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangalia juu, kwenye bati.

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na uso wake bila miwani ulikuwa wa mtu mwingine, mtu aliyewahi kukaa jikoni kwa bibi. Akamuuliza binti, sasa kwa Kinyiha, taratibu. Kinyiha changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa. Alimuuliza nani amesafiri.

"Mama," akasema binti.

"Siku nyingi?"

"Tangu kabla ya kahawa."

Afisa akaiweka kalamu chini. Nikaona amekwama: anamwamini mtoto, na karatasi inataka sentensi. Nikasema, sasa kwa sauti ya kawaida, "Mwonyeshe neno moja moja, mheshimiwa. Kwa kuruka. Usianzie mwanzo."

Akaigeuza karatasi. Akafunika kwa viganja, akaacha neno moja. Binti akalisoma. Akahama, akaacha jingine, la mwisho kabisa. Akalisoma. Akarudi katikati. Akalisoma. Waliokota sentensi nzima namna ile, punje kwa punje, na kisima cha sungura kikabaki bila kuisha. Afisa akavaa miwani yake, akaandika, akasema, "Darasa la tatu." Kisha akamwambia binti mwisho wa hadithi atausoma mama akirudi, na akaita mtoto anayefuata.

Jioni ile nilipika ugali na kuku mzima, peke yangu, na nilikula bila haya.

Simu ya bibi iliendelea kusema haipatikani. Mvua ikanyesha, mahindi yakapandwa. Shule ilikaribia kufungwa, na mimi nilianza kumwazia yule mama vibaya, kisha kumwazia mabaya yaliyompata, kisha najikemea. Binti alikuwa akija kila siku na sweta lake, anasoma chochote kilichoandikwa, mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea, na kila alichosoma aliacha mwisho mpaka usiku.

Kulikuwa na hadithi yetu ile ya fisi, ambayo darasa liliipenda kuliko nyingine, na siku moja katika wiki ya mwisho niliirudia. Nikafika kwenye kibanio, nikafunga kitabu kama kawaida. Binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kumaliza."

"Utakichukua saa ya kwenda nyumbani."

"Naomba kumaliza sasa hivi."

Nikamtazama. Ndipo nilipoona kwamba lile sweta la bluu hana. Alikuwa amevaa jipya, la saizi yake, jekundu, bado lina mikunjo ya dukani. Nikamuuliza, "Amerudi?"

"Jana na mvua."

Nikampa kitabu. Akasimama mbele ya jamvi, akatoa kibanio, akanirudishia, akafungua ukurasa. Halafu akawageukia wenzake akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Waliosafiriwa watoke kwanza."

Wakainuka wachache, bila kelele, wakatoka. Yeye akangoja mpaka wa mwisho amevuka mlango. Bado hakuanza. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kaka si yuko njiani?"

Mwanangu alikuwa amevuka Tunduma jana yake kwenda Lusaka. Nilikuwa nimewaambia mwenyewe, kwa kujisifu. Nikafungua mdomo niseme kwamba mwalimu amesoma chuo. Tena tangu msimu wa kahawa nilikuwa nangoja kusikia mtoto huyu akisoma ukurasa ule kwa sauti, darasani, mwanzo mpaka mwisho. Watoto wote wakageuka kunitazama, wala hawakucheka.

Nikainuka, nikajikung'uta sketi, nikatoka.

Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka. Waliosafiriwa walikuwa wamepanga mstari ukutani chini ya bati, vidole masikioni. Nikasimama nao, nikaziba ya kwangu. Mtoto aliyekuwa karibu nami akanikagua, akatingisha kichwa, akanionyesha kwa kiwiko kwamba nibane zaidi. Nikabana.

Upande wa pili wa mlango, karibu na dirisha, alisimama mwanamke ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa amekonda, miguu ina matope, amevaa lile sweta kuukuu la bluu, na mikono yake imening'inia tu pembeni, maana hakuwa na sababu ya kuziba chochote. Watu wake wote walikuwa nyumbani. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha anasikiliza. Mimi sikusikia hata neno moja. Nilimtazama yeye. Nilimwona akikunja uso palipo na fisi, akiweka kiganja mdomoni, kisha akitikisika mabega, na sikujua kama ni kucheka au kulia, na naamini hata yeye hakujua.

Mlango ukafunguka. Binti akatoa kichwa, kitabu amekikumbatia, akatutazama wote tuliopanga mstari ukutani, na mdomo wake ukasema kitu. Nikatoa vidole masikioni.

"Nimemaliza, mwalimu," akarudia. "Mnaweza kuingia."